Nazungusha sumaku mzunguko mzima, namba hazitembei: sensa ni ya bandia?

*"Jambo fundi. Niko Goma, Katindo, nafanya montaje ya video na matangazo ya redio kwetu nyumbani. Mixa yangu ndogo butoni zake zote zinakwaruza juu ya vumbi, nimepuliza ile spray ya kontakti mpaka nimechoka. Nikaona video ya jamaa anajitengenezea butoni na sensa ya sumaku AS5600, nikaagiza sensa nne, Arduino Uno, ile kadi ndogo ya kuandikia programu, niko nayo tangu shule. Sumaku nilitoa kwa ekutere (spika za masikioni) za zamani. Shida: Arduino inaona sensa, adresi 0x36 inatoka vizuri, lakini nikizungusha sumaku mzunguko mzima namba inacheza tu kati ya 1900 na 2100, na nikisogeza kidogo inaruka. Rafiki mmoja anasema sensa ni za bandia, mwingine anasema niweke sumaku kubwa ya spika. Nataka butoni nne: moja kubwa ya kutembeza video mbele na nyuma, ile iwe na tik-tik kwa vidole, na tatu za sauti. Halafu mama anaogopa sumaku zitafuta diski zangu za kazi. Niendelee ao niachane nayo nitafute mixa ingine?"*

Mdogo wangu, usitupe kitu. Vile umeeleza, sensa zako ni nzima na kazi umeianza vizuri, tena umenisaidia sana kuandika namba, wengi wananiambia tu "haifanyi" basi nabaki kubahatisha. Sensa iliyokufa haijibu kwa 0x36, ile namba ambayo Arduino inaiita nayo. Yako inajibu, inapima, inasema ukweli: inakuambia kwamba mbele yake hakuna kitu kinachozunguka. Unazungusha, ndiyo, mkono wako unauona, lakini kwa macho ya sensa ile sumaku ya ekutere ikizunguka ni kama haijazunguka. Kosa ni aina ya sumaku, na hili kosa karibu kila mtu analifanya mara ya kwanza, mimi mwenyewe nililifanya na nikamtukana muuzaji wa watu bure.

Ngoja nieleze polepole juu ukishaelewa hapa, mengine yote ni kazi ya mikono tu.

Ndani ya ile chipu nyeusi ndogo kuna vipande vinavyohisi sumaku, vimepangwa kwa duara. Vinatumia kitu alichokiona Edwin Hall mwaka 1879 kule Marekani, alipopitisha umeme kwa karatasi nyembamba ya dhahabu, akaleta sumaku, akaona volteji ndogo inatokea kwa ubavu wa ile karatasi. Njo hiyo tu mpaka leo. Kila kipande kinajua kitu kimoja: sumaku inayonipiga kutoka juu iko nguvu gani, na ni upande wa kaskazini ao wa kusini. Hakijui pembe, hakijui kuzunguka. Pembe inatoka pale chipu inalinganisha vipande vyenyewe kwa vyenyewe.

Chukua mfano wa watu wanne wamezunguka sahani moja kwa meza. Nusu ya sahani ni fufu, nusu ni sambaza. Ukizungusha sahani, kila mtu anaona mbele yake kunabadilika: huyu alikuwa na fufu sasa ana sambaza, yule wa pembeni ana nusu kwa nusu. Ukiwauliza wote wanne, unajua sahani imegeuka kiasi gani bila kuigusa. Sasa wawekee sahani yote fufu tupu. Zungusha mpaka jioni, hakuna atakayeona tofauti, wote wanne wana fufu ileile.

Sumaku ya ekutere ni sahani ya fufu tupu. Ncha yake ya kaskazini ni uso wa juu wote, ya kusini ni uso wa chini wote. Hiyo ni nzuri kwa kusukuma membrani ya spika. Ukiilaza juu ya sensa na kuizungusha, vipande vyote vinaona kaskazini, kaskazini, kaskazini. Chipu inatoa tofauti kati yao, inapata karibu sifuri, na kwa sababu ina kitu kinaitwa AGC, yaani inajiongezea sauti yenyewe ikiona sinyali ni dhaifu, inaongeza mpaka mwisho na kuanza kusikiliza kelele. Zile 1900 na 2100 zako ni hivyo: kelele, pamoja na mtikisiko mdogo juu sumaku haikukaa katikati sawasawa.

Unayoitaka ni sumaku ya kidonge iliyogawanyika ubavu kwa ubavu, nusu ya kidonge kaskazini, nusu ingine kusini, kama sahani ya fufu na sambaza. Kwa macho zinafanana kabisa! Kwa kuagiza, kwa Kifaransa wanaandika *aimantation diamétrale*, usipoona hilo neno usinunue. Saizi ya kawaida kwa AS5600 ni kipenyo cha milimita 6 na unene wa kama 2.5. Mara nyingine wanaifunga pamoja na sensa, kwa hiyo kwanza fungua tena ile paketi yako uangalie kama hakuna kidonge kidogo cha fedha kimebaki ndani ya plastiki, nimeshaona mtu amekitupa akidhani ni betri.

Kupima aina bila chombo chochote: fungua dira kwa simu yako, laza simu kwa meza (ya mbao, siyo ya chuma). Laza sumaku kwa meza hiyohiyo, mbali kama sentimita 20, ipandishe juu ya kiberiti ili iwe usawa na simu. Sasa izungushe palepale kama unafungua kifuniko cha chupa, usiisogeze. Kama mshale wa dira unatembea kufuata vidole vyako, kulia, nyuma, kushoto, hiyo njo yenyewe. Mshale ukikaa kimya hata ukizungusha mara kumi, ni ya ekutere. Usiibandike kwa simu yenyewe, dira itachanganyikiwa na utapunga simu hewani kama namba nane mpaka majirani wakuulize kuna nini.

Sasa yule rafiki wa sumaku ya spika. Usimfuate. Nguvu ya sumaku ni wingi wa chakula kwa sahani, haigawi sahani kuwa mbili. Sumaku ya spika ni fufu tupu tena mlima mzima. Hii sensa inataka nguvu ya kati ya militesla 30 na 90 pale juu ya chipu, ikizidi inalalamika sawa na ikipungua. Na inalalamika waziwazi, soma rejista 0x0B (rejista ni kisanduku cha namba ndani ya chipu): biti ya 0x20 inasema sumaku ipo, 0x10 inasema ni dhaifu mno, 0x08 inasema ni kali mno. Halafu soma rejista 0x1A, hiyo ni AGC yenyewe. Ukilisha sensa kwa volti 5 namba inatembea 0 mpaka 255, kwa volti 3.3 inaishia 128. Wewe sogeza sumaku juu chini mpaka ukae karibu na katikati. Mara nyingi hiyo inakuja pale pengo kati ya sumaku na uso wa chipu liko milimita 1 mpaka 2. Mimi natumia kadi ya SIM ya zamani kama kipimo, unene wake ni kama milimita 0.76, kadi mbili zikipita kwa kulazimisha kidogo naacha hapo.

Katikati pia ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Sumaku ikikaa nje ya kitovu cha chipu kwa zaidi ya robo ya milimita hivi, pembe inaanza kudanganya: nusu ya mzunguko inaenda haraka, nusu inaenda pole. Kwa sauti hutaona. Kwa ile butoni kubwa ya video utahisi, utasema "mbona huku inakimbia", na utatafuta kosa kwa kodi wiki nzima wakati kosa liko kwa gundi.

Ndiyo, gundi. Hapa njo fasi nilipoharibu za kwangu. Butoni yangu ya kwanza nilibandika sumaku kwa kichwa cha bulo (bolti) la chuma, maana lilikuwa karibu na mkono. Chuma kinakunywa sumaku, njia zake zinapinda kuingia kwa bulo badala ya kwenda kwa sensa, AGC ikapanda mpaka mwisho. Nikang'oa, nikaweka kwa bulo la shaba nyeupe, sawa. Kisha nikaona waya wa sensa haujashika, nikachomelea hapohapo bila kutoa sumaku, ncha ya pasi ya kuchomelea ikagusa. Sumaku za neodimiamu za kawaida zikipita digrii 80 zinaanza kupoteza nguvu na hairudi, ncha ya pasi iko digrii 300 na kitu. Basi makosa mawili kwa siku moja. Kwa hiyo: chomelea kwanza, kisha sumaku, na ekseli iwe ya shaba, aluminiamu, mbao ngumu ao plastiki. Biringi ya chuma haina shida kama iko sentimita moja na nusu mbali na sumaku.

Na sisi wa Goma tuko na jambo letu ambalo wale wa video hawalijui. Chukua sumaku yako, ipitishe juu ya ule mchanga mweusi wa barabarani. Itaota ndevu. Lava ya Nyiragongo ina chembe za madini ya chuma, zinashika kwa sumaku kama siafu, na kuzitoa ni kazi. Kwa hiyo vumbi lilelile linaloua potensiometa zako (zile butoni za mixa) linaweza kukusumbua huku pia, ila kwa njia ingine kabisa. Kwa potensiometa kuna kidole cha chuma kinachokwaruza juu ya njia ya kaboni, vumbi letu likiingia katikati linafanya kazi ya msasa, ndiyo ile kwaaa kwaaa unasikia kwa spika, na spray inaosha leo lakini kaboni iliyoliwa hairudi. Kwa sensa ya sumaku hakuna kinachogusana, hakuna cha kuliwa. Ndevu zikiota kidogo, sensa haijali sana. Zikijaa zile milimita mbili ndipo zinaanza kukwaruza juu ya chipu. Dawa ni rahisi: funika sumaku na skochi kabla ya kuitembeza nyumbani, na ukimaliza funga chini ya boksi, usiache tundu. Na tafadhali, kama unataka butoni nzito (mtu akizungusha isikike kama kitu cha maana) usiijaze mchanga mweusi, nimeshaona wazo hilo. Weka vipande vya risasi, zile wanazobandika kwa jante za gari kusawazisha magurudumu, kwa fundi wa pneu hazikosekani. Hakikisha kwanza kwa sumaku kwamba ni risasi kweli, juu kuna zingine za chuma. Na unawe mikono ukimaliza kuishika.

Sasa butoni nne. Hapa kuna mtego ambao bado hujaufikia lakini uko mbele yako. AS5600 zote zinazaliwa na adresi moja, 0x36, na huwezi kuibadilisha. Ukiweka nne kwa waya mbili zilezile za SDA na SCL, zile ambazo sensa na Arduino wanaongea kupitia, ukiita "0x36!" zote nne zinajibu kwa pamoja kama watoto wa darasa, husikii kitu. Watu wananunua kigawanyi kinaitwa TCA9548A, kina milango 8, unafungua mmoja unasoma, unafunga, unafungua mwingine. Kinafanya kazi vizuri, sina neno baya juu yake. Lakini wewe huhitaji. Angalia kwa kadi ya sensa kuna pini imeandikwa OUT. Hiyo inatoa volteji inayopanda kutoka sifuri mpaka volteji ya ulishaji kufuata pembe, sawa kabisa na potensiometa. Basi zile tatu za sauti zisiguse SDA wala SCL, peleka OUT zao kwa A0, A1 na A2, pini za Arduino zinazosoma volteji. Hapo Arduino inasoma ngazi 1024. Utasema ni chache kuliko zile 4096 za mzunguko mzima unazosoma kwa SDA na SCL, lakini sauti kwa MIDI ya kawaida (lugha ya vifaa vya muziki kuongea na kompyuta) iko na ngazi 128 tu, 0 mpaka 127, kwa hiyo kwa mzunguko mzima bado una ngazi nane za sensa kwa kila moja ya MIDI. Butoni kubwa peke yake njo inakaa kwa SDA na SCL na kupata zile 4096 zote.

Pini ya DIR pia, kwa zote nne: iunganishe kwa GND (sifuri ya umeme) ao kwa VCC (volteji ya ulishaji), moja kati ya hizo, usiiache hewani. Ndiyo inayosema kuzungusha kwenda kulia ni kupanda ao kushuka. Ikiachwa bila kitu inaweza kugeuka yenyewe na hutajua kwa nini. Na kama kwa maktaba ya kodi uliyochukua kuna amri yenye jina la kuchoma, *burn*, usiiguse hata kwa udadisi. Hiyo inaandika ndani ya chipu milele, pembe ya kuanzia unaruhusiwa mara 3 tu, mambo mengine mara 1, kisha mlango umefungwa. Kazi yote hiyo unaifanya kwa kodi bila kuchoma kitu.

Kuna jambo lingine kwa zile tatu za sauti ambalo naomba ulitilie maanani, maana masikio ni yako. Potensiometa inagota mwisho, sumaku haigoti. Ukishusha sauti mpaka sifuri na kuendelea kidogo tu, pembe inaruka kutoka 0 kwenda juu kabisa, na wewe una ekutere kichwani. Weka kizuizi: msumari mdogo wa shaba kwa butoni na mwingine kwa boksi vigongane, kuacha mzunguko wa digrii kama 300, na ile sehemu ya kuruka iangukie kwenye zile 60 zisizofikika. Kwa kodi unaweza pia, lakini mimi kwa sauti naamini msumari.

Faida yake ni kwamba umeme ukikatika na kurudi, sensa inajua butoni iko wapi palepale, haianzi kuhesabu upya. Kwa mji wetu hiyo siyo faida ndogo.

Ile kubwa ya video ni kinyume, inatakiwa izunguke bila mwisho. Hapo usisome pembe, soma tofauti. Kila mara chukua namba mpya, toa ya zamani. Ikizidi 2048, toa 4096. Ikiwa chini ya -2048, ongeza 4096. Hivyo ukivuka kutoka 4090 kwenda 5 kodi inaona umeenda mbele hatua 11 na siyo kwamba umerudi nyuma mzunguko mzima. Kusanya hizo tofauti, zikifika kiasi fulani tuma mshale mmoja wa kibodi, kulia ao kushoto, maana kwa programu nyingi za montaje mshale mmoja ni fremu moja. Mimi natumia 128, inatoa hatua 32 kamili kwa mzunguko. Usitume kitu kwa mabadiliko ya namba mbili tatu, hata ukiacha mkono namba ya mwisho inatetemeka, ni kawaida yake.

Lakini Uno yako haitaweza kujifanya kibodi. Ile chipu yake kubwa haina USB ndani, inaongea na kompyuta kupitia chipu ingine ya pembeni ambayo kazi yake ni kupeleka herufi tu. Unaweza kuzunguka kwa kuweka programu ndogo ya Python kwa kompyuta isikilize zile herufi na kubonyeza mishale, inafaa kwa majaribio, ila kila ukibadilisha kompyuta unaanza upya. Itumie Uno kujifunza na kupanga sumaku. Kwa kitu cha mwisho tafuta Pro Micro yenye ATmega32U4 ya volti 5: hiyo inaingia kwa USB na kompyuta inaiona moja kwa moja kama kibodi na kama MIDI, na kodi yako ya Uno inahamia bila kubadilika sana, pini tu: SDA inakuwa 2, SCL inakuwa 3. Raspberry Pi Pico pia inafaa, nzuri sana, ila yenyewe ni ya volti 3.3 kwa hiyo lisha sensa kwa 3.3 pia, na usichanganye.

Tik-tik sasa. Sumaku haina tik-tik, ni laini kama siagi, na watu wengine wanaipenda hivyo. Umeona labda kwa video butoni inayobadilisha yenyewe tik-tik, leo 10, kesho 50, inagota pale unapotaka. Hiyo ndani ina moteri ya gimbal (ile ya kutuliza kamera) inayosukuma vidole vyako, pamoja na maktaba ya kodi ya SimpleFOC inayoiendesha, na ni nzuri mpaka unataka kulia. Lakini kwa mradi wa kwanza nakukataza, kweli. Ni moteri, dreva yake, ulishaji wake, na siku nyingi za kurekebisha moteri inayolia mluzi.

Chukua kifuniko cha soda, kile cha bati chenye meno. Hesabu meno: 21. Kibandike juu ya ekseli, upande wa juu mbali na sumaku maana ni chuma, kisha weka kipande cha waya wa gitaa kinachogusa meno. Zungusha. Si umesikia? Ila hapo hatua za kodi zilingane na za kifuniko, 4096 gawa kwa 21 ni kama 195, siyo 128, la sivyo vidole vitahesabu hivi na skrini itahesabu vile. Ukichoka na kelele yake, seremala anakuchongea gurudumu la mbao lenye mitaro ao unatumia gurudumu la plastiki lenye meno. Ekseli na biringi nzuri sana zinapatikana ndani ya video za zamani za kaseti, lile dramu la kichwa, linazunguka bila sauti. Lilitengenezwa kwa kazi hiyo, na kwa mafundi wa Birere yamelala kwa boksi. La hard disk pia linazunguka vizuri, ila ndani ya moteri yake kuna sumaku zake, zitagombana na yako, liache.

Mama yako umwambie atulie, lakini nusu tu. Diski za SSD, flashi na kadi za memori zinahifadhi kwa chaji ya umeme, sumaku haina la kuzifanya. Hard disk ya kuzunguka yenyewe ndani imebeba sumaku kali kuliko kidonge chako, za kusukuma mkono wake, na inaishi nazo vizuri. Kidonge cha milimita 6 ndani ya boksi kwa meza hakitaifuta. Usiziweke tu moja juu ya ingine kwa makusudi. Pale mama ana haki ya kuogopa ni kwa watoto. Sumaku mbili zikimezwa zinatafutana tumboni na kubana utumbo katikati, zinautoboa, na mtoto mwanzoni anaweza kucheza kama hana kitu. Mtoto akimeza, hata ukihisi tu amemeza, ni hospitali saa hiyohiyo, usingoje choo, usingoje kesho. Na kama kuna mtu nyumbani ana kile kifaa cha moyo kifuani, sumaku zisikae karibu na kifua chake.

Niendelee ao ninunue mixa? Nikuambie vile ninavyoona. Kama shida yako ingekuwa butoni moja ya sauti, ningesema chukua enkoda ya kawaida ya mekaniki (butoni inayohesabu hatua za kuzunguka), zile KY-040 zenye tik-tik 20, bei ndogo, jioni moja imeisha, ikifa kwa vumbi baada ya muda weka ingine. Sumaku inalipa pale mkono unapozungusha siku nzima, na kwa montaje hiyo ni ile butoni kubwa. Basi fanya hiyo moja kwanza. Itumie mwezi mzima kwa kazi za kweli, kisha njo utajua kama zile tatu unazihitaji, maana wengi nawaona wakishapata ile kubwa sauti wanaivuta kwa maus bila shida. Mixa yako pia usiihukumu kufa: potensiometa zake zinabadilishwa. Ila kama ni ile inayoingiza waya wa ukutani moja kwa moja ndani, bila adapta nje, usiifungue peke yako. Ndani kuna kondensa zinazoshika umeme hata ukishachomoa. Ipeleke kwa fundi, ukae pembeni, umwonyeshe ni butoni gani, na umwambie asome namba iliyoandikwa kwa mgongo wa potensiometa kabla ya kununua, A10K na B10K hazipandi sawa, moja ni ya sauti na ingine siyo.

Sumaku ikifika, ipime kwa dira, kisha uishike juu ya sensa na kipande cha karatasi ngumu katikati, bila gundi bado. Namba ikitembea kutoka 0 mpaka 4095 na kurudi 0 kwa mzunguko mmoja, hapo ubandike. Isipotembea, niandikie mambo matatu: rejista 0x0B inasema nini, AGC iko ngapi, na ekseli ni ya kitu gani.